Mashahidi Walio Chini ya Jiwe



Kila mara maji yanapozungumzwa katika mashirika yetu, jibu moja hutangulia majibu mengine yote: "Hatuna maabara." Kijito kimebadilika rangi; hatuna maabara. Watoto wa bondeni wanaumwa tumbo kila msimu wa mvua, hatuna maabara. Wachimbaji wa dhahabu wanaosha mchanga wao juu ya mahali tunapochota, hatuna maabara. Neno hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu linadanganya vizuri. Ni kweli kwamba wengi wetu katika Kivu ya Kusini tunaishi mbali na chumba chochote chenye darubini na dawa za kupimia. Lakini si kweli kwamba asiye na maabara hana njia ya kujua hali ya mto wake. Njia ipo, haihitaji fedha nyingi, na imekwisha kujaribiwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Anayeendelea kusema "hatuwezi kujua" baada ya kuisikia, huyo hakukosa njia, amechagua kutojua.

Tuanze na mambo yenyewe. Katika kijito chochote chenye mawe, ukigeuza jiwe utakuta viumbe vidogo visivyo na uti wa mgongo. Yupo mtoto wa mdudu mwenye mwili bapa na mikia miwili, anayeng'ang'ania jiwe ili maji yasimchukue. Wataalamu humwita plekoptera. Yupo mwingine, mara nyingi mwenye mikia mitatu, aliyepangiwa matamvua ya kupumulia ubavuni; huyo ni efemeroptera, ambaye akiisha kuota mabawa huishi saa chache au siku chache tu, huzaa na kufa. Yupo fundi anayejijengea nyumba ya chembe za mchanga au vipande vya majani, akaikokota kama konokono. Huyo ni trikoptera. Wapo pia kaa wa mtoni, watoto wa kereng'ende, konokono, ruba, nyungunyungu wembamba wa matopeni, na funza wadogo wekundu ambao baadaye watakuwa wadudu wanaofanana na mbu.

Viumbe hawa hawana uvumilivu sawa. Plekoptera anahitaji maji yanayokimbia, ya baridi, yenye oksijeni nyingi. Uchafu wa vyoo ukiingia mtoni, bakteria huuozesha na katika kazi hiyo huila oksijeni iliyomo majini. Plekoptera ndiye wa kwanza kutoweka. Efemeroptera wengi na trikoptera wengi humfuata. Udongo ukishuka kutoka mlima uliokatwa miti, huziba nafasi kati ya mawe, na wenye kuishi katika nafasi hizo hukosa makao. Lakini yule funza mwekundu hubaki. Wekundu wake ni rangi ileile ya damu yetu, nayo humsaidia kushika oksijeni hata pale ilipo haba. Nyungunyungu wa matopeni naye hubaki, hata huongezeka. Kwa hiyo anayetazama ni nani amebaki na nani ameondoka anasoma habari za mto kama anayesoma kitabu cha ubatizo na kitabu cha marehemu cha parokia.

Elimu hii si ya jana. Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, waliandika mwaka 1908 na 1909 juu ya mimea na wanyama wanaoonyesha kiasi cha uchafu wa mto. Mwaka 1964 Mwingereza Woodiwiss alitoa kipimo cha mto Trent kwa kuhesabu makundi ya viumbe hawa. Afrika ya Kusini ilitengeneza kipimo chake kiitwacho SASS, kisha ikakifupisha kuwa miniSASS, ambacho hata mwanafunzi wa shule ya msingi hukitumia. Zambia na Tanzania zimerekebisha vipimo vya namna hiyo ili vifae mito yao. Hata hapa kwetu elimu hii si ngeni: kituo cha utafiti wa sayansi asilia kipo Lwiro tangu wakati wa ukoloni, na Chuo cha Ualimu cha Bukavu kina watu wanaofundisha na kuchunguza maisha ya majini. Yaliyo chuoni bado hayajateremka hadi shirikani, na hilo ndilo pengo tunalolilalamikia.

Jedwali la miniSASS lina makundi 13 tu. Kila kundi lina alama yake: plekoptera 17, efemeroptera wengi 11, trikoptera 9, kaa 6, nyungunyungu 2, ruba 2, jamii ya nzi na mbu 2. Kundi likionekana huhesabiwa mara moja, awe mmoja au elfu. Jumla ya alama hugawanywa kwa idadi ya makundi. Tuseme umekuta plekoptera, efemeroptera, trikoptera na kaa: 17 na 11 na 9 na 6 ni 43, gawa kwa 4, unapata 10,75, na huo ni mto wenye afya. Tuseme chini ya daraja umekuta nyungunyungu, ruba na funza wekundu peke yao: jumla ni 6, gawa kwa 3, unapata 2, na huo ni mto mgonjwa sana. Hesabu hiyo inamshinda nani? Mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Vifaa ni vipi? Chujio la jikoni, sahani nyeupe, bote za mpira, daftari na kalamu. Mmoja anasimama majini, anasugua na kugeuza mawe kwa muda wa dakika tano hivi, na mwenzake anashika chujio upande wa chini ili kukinga yanayochukuliwa na maji. Yaliyokingwa humiminwa katika sahani, hutazamwa, huandikwa, kisha viumbe hurudishwa mtoni vikiwa hai. Mikono huoshwa kwa sabuni. Watoto hawaingii mtoni wakati wa mafuriko, wala penye maji ya vyoo, wala mahali penye kichocho.

Kwa nini tuwaamini wadudu? Kwa sababu wana kumbukumbu. Chupa ya maji inayopelekwa maabara ni habari ya dakika moja. Mwenye kumwaga uchafu usiku wa Jumamosi anajua kwamba asubuhi ya Jumatatu maji yale yatakuwa yamekwisha kufika ziwani, na chupa ya mkaguzi itatoka safi. Lakini mdudu aliyekaa chini ya jiwe kwa miezi mingi hakuhama Jumamosi usiku. Yaliyompata yalimpata. Kama amekufa, kutokuwapo kwake ni ushuhuda, na ushuhuda huo hauhongwi.

Hapo ndipo wengi wanapotupinga, na ni haki wajibiwe.

Wa kwanza wanasema: "Watu wanakufa kwa vita, wengine wamekimbia makwao, nanyi mnahesabu wadudu?" Hoja hii ni nzito, kwa maana inatoka katika majonzi ya kweli. Lakini tuifuate hadi mwisho wake. Vita vinapokata mabomba na kufunga ofisi, watu hawaachi kunywa. Wanarudi kwenye kijito. Aliyekimbia na godoro kichwani hupiga kambi karibu na maji. Serikali inapokuwa mbali, ndipo mkulima na mkimbizi wanapohitaji zaidi maarifa yasiyohitaji umeme wala kibali. Elimu hii ingekuwa anasa kwa mtu mwenye mabomba mawili nyumbani. Kwa asiye na bomba hata moja, si anasa. Wala maji machafu hayangoji amani ndipo yaue.

Wa pili wanasema: "Maji yetu ni meupe, yanaonekana hadi chini." Ndugu, weupe wa maji si usafi wake. Maji yaliyochafuliwa na asidi ya machimbo yanaweza kuwa meupe kama kioo kwa sababu hakuna kilichosalia ndani yake chenye uhai. Kinyume chake, mto Ruki karibu na Mbandaka ni mweusi kama chai iliyokolea, na weusi huo umetokana na majani ya msitu, si na uchafu wa watu. Jicho peke yake ni mwamuzi dhaifu. Tulifundishwa tangu zamani kutomhukumu mtu kwa vazi lake. Tusiuhukumu mto kwa rangi yake.

Wa tatu wanasema: "Hiyo ni kazi ya wataalamu, na jedwali ni la Waafrika ya Kusini, wadudu wetu si wao." Sehemu ya pili ya hoja hii ni sahihi, nasi tunaikubali. Katika nchi zetu za joto jamii za plekoptera ni chache kuliko katika nchi za baridi, na alama zilizowekwa kwa mito ya mbali zahitaji kupimwa upya hapa kwetu. Hiyo ni kazi ya watafiti wa Lwiro na wa vyuo vyetu, nasi tunawaomba waifanye na kuitoa kwa Kiswahili ili ifike mikononi mwa watu. Lakini haifuati kwamba tukae kimya tukiwangoja. Mto unaweza kulinganishwa na mto uleule: juu ya kijiji na chini ya kijiji, juu ya machimbo na chini ya machimbo, mwaka huu na mwaka ujao. Watu wa Bukavu wana mto Kahuwa, unaopita kati ya nyumba zao hadi ziwani. Hawahitaji jedwali la kigeni ili kuona tofauti kati ya vijito vinavyotoka chini ya miti ya Kahuzi-Biega na mto unaopokea taka za vitongoji. Wanahitaji kuiandika tofauti hiyo, makundi kwa makundi, tarehe kwa tarehe. Na sehemu ya kwanza ya hoja, ile ya wataalamu, tunaikataa kabisa. Anayesema kwamba kujua ni haki ya wenye vyeti peke yao anawafanya wengine wote kuwa bubu mbele ya ofisi. Mama anayechota mara tatu kwa siku anaujua mto kuliko anayeupita kwa gari. Anachokosa ni namna ya kuyaandika anayoyajua ili yasikilizwe.

Wa nne ni wa nyumbani mwetu, na ndio wanaotuhuzunisha zaidi. Wanasema: "Katekista afundishe sala na amri, minyoo si mambo ya Kanisa." Tuwaombe wafungue Mwanzo, sura ya kwanza. Baraka ya kwanza inayosimuliwa katika Maandiko Matakatifu haikumwangukia mwanadamu. Iliviangukia viumbe vya majini na ndege, siku ya tano, kabla Adamu hajaumbwa. Kisha wafungue kitabu cha Kutoka, pigo la kwanza la Misri, watazame mfuatano wa mambo: kwanza samaki wanakufa, kisha mto unanuka, kisha Wamisri hawawezi kunywa. Viumbe vya mtoni viliumia kabla ya watu, na mwenye macho angeliweza kusoma. Tena Mithali inamtuma mvivu kwa mdudu chungu ajifunze, na Yobu anawaelekeza rafiki zake wenye maneno mengi wawaulize wanyama. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, namba 34, hakuona aibu kuwataja minyoo na wadudu kati ya wale ambao uumbaji hauwezi kufanya kazi yake bila wao. Na katika namba 30 alifundisha kwamba kupata maji salama ni haki ya msingi ya kila mtu. Kwa hiyo anayesema minyoo si mambo ya Kanisa anabishana na Maandiko na Baba Mtakatifu, si na sisi.

Na amri je? Amri ya nane inakataza kushuhudia uongo. Mara nyingi tunaifundisha kana kwamba inahusu maneno ya barazani tu. Lakini kunyamaza mbele ya ushahidi ulio wazi, kwa sababu mwenye machimbo ametoa mchango wa mabati ya kanisa, ni ushuhuda wa uongo usio na sauti. Maji tunayoyabariki usiku wa Pasaka yametoka wapi? Yametoka katika kijito hikihiki. Haiwezekani tuyaheshimu yakiwa katika kisima cha ubatizo na kuyadharau yakiwa bondeni.

Tunasema pia juu ya wenye miradi. Mradi huja, hujenga mahali pa kuchotea, hupiga picha, hubandika kibao, huondoka. Tunashukuru kwa saruji. Lakini ni mara ngapi mto uliulizwa kabla ya ujenzi, na mara ngapi uliulizwa tena baada ya miaka mitatu? Ripoti huhesabu bomba zilizofunguliwa na haihesabu uhai uliobaki. Tunataka kila mradi wa maji unaopita katika parokia zetu uache nyuma yake si kibao tu, bali watu kumi wanaojua kusoma mto.

Lakini tusiseme zaidi ya tunayoyajua, maana kutetea ukweli kwa kutia chumvi ni kuuharibu. Wadudu hawatuambii kama maji yana kipindupindu. Kijito chenye plekoptera wengi kinaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa vilivyoingia asubuhi hiyo kutoka kwa mtu mmoja mgonjwa. Kwa hiyo alama nzuri si ruhusa ya kunywa bila kuchemsha au kutia dawa. Njia hii haifai kwa kisima kilichofunikwa wala kwa maji yaliyotulia. Ni ya vijito vinavyotembea. Haitaji jina la sumu: ikiwa ni zebaki ya wachimbaji, au dawa ya mashamba, au udongo, hilo litahitaji kuchunguzwa na maabara. Kazi ya wadudu ni kutuambia kwamba kuna jambo, na ni mahali gani lilipoanzia. Juu ya daraja wapo, chini ya daraja hawapo: basi tuanze kuuliza darajani. Maabara isiyojua mahali pa kutazama hupoteza fedha, na sisi tunaweza kuionyesha mahali.

Wala tusidhani kwamba sheria inakosekana. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inatambua haki ya kupata maji ya kunywa, na kifungu cha 53 haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inahusu ulinzi wa mazingira, na sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inahusu maji. Karatasi hatukosi. Tunachokosa ni mtu wa kufika mbele ya chifu, mbele ya mwami, mbele ya msimamizi wa teritwari, akiwa na kitu zaidi ya malalamiko. Anayesema "mto umeharibika" huambiwa arudi nyumbani. Anayeweka daftari mezani na kusema, "Mwezi wa saba mwaka jana tulikuta makundi tisa mahali hapa, mwaka huu ni matatu, haya hapa majina yake, hizi hapa sahihi za watu sita," huyo ni vigumu kumfukuza. Haki isiyo na ushahidi huonekana kama ombaomba.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, na tunayadai kwetu wenyewe kabla ya kuyadai kwa wengine. La kwanza: kila shirika lililo karibu na kijito lichague mahali pawili, juu na chini ya makao ya watu, na kuhesabu mara mbili kwa mwaka, siku isiyo ya mvua kubwa, mahali palepale na kwa namna ileile. La pili: daftari la mto litunzwe parokiani pamoja na vitabu vingine, lisomwe hadharani, na nakala yake ipelekwe kwa viongozi na kwa watafiti wa vyuo. La tatu: walimu wa shule zetu za kikatoliki waingize kazi hii katika somo la sayansi, na kabla ya kunyosha kidole kwa wachimbaji, kila shule na kila nyumba ya Kanisa ionyeshe vyoo vyake vinamwaga wapi. Vijana wa Xaveri na wa Kiro wanajua kutembea milimani na kuimba. Wapewe chujio na sahani, nao watatushinda sote.

Tunajua kwamba daftari pekee halitakisafisha kijito. Lakini halitaruhusu tena mtu yeyote, awe tajiri wa machimbo, awe kiongozi, awe sisi waumini tunaopenda amani ya kunyamaza, kusimama mbele ya mama aliyemzika mtoto na kumwambia: "Hatukujua." Mawe yapo, na mashahidi wako chini yake. Aliyekataa kuinama asijitetee kwa ujinga.